Ningu Akipanda Mpishe, Akishuka Mvue



Mvua ya masika ikishika, wewe una kazi yako na hupendi kuitwa pembeni. Mahindi yamekwisha kuota, palizi inakaribia, na mbolea ya kukuzia bado haijalipiwa. Hata hivyo nakuomba dakika chache tuzungumze habari za mto unaopita chini ya shamba lako. Wakati ule ule unapopanda wewe mahindi, kuna mwingine naye anapanda mto, amebeba mbegu yake. Mbegu yako wewe ukiisha kuifukia, hakuna jirani anayekuja kuifukua aikaange. Mwenzako huyo hukamatwa njiani, na mbegu ingali tumboni.

Nasema juu ya samaki aitwaye ningu. Wakulima wa Mumias na Matungu, walio karibu na mto Nzoia, wanamjua kwa jina, na wazee wao walimjua kwa wingi. Wengi wenu mlio katika skimu za Lugari, Lumakanda, Mautuma na Chekalini labda hamjapata kumwona, kwa kuwa mnakaa juu ya maporomoko ya Webuye. Lakini maji anayopanda ningu ni maji yaliyopita kwenu kwanza. Kwa hiyo habari hii ni yenu kama ilivyo ya mtu wa chini.

SAMAKI HUYU NI WA NAMNA GANI

Ningu si samaki mkubwa. Hata akikua sana, urefu wake ni kama sentimeta 40. Mdomo wake umeelekea chini, naye hula majani membamba ya majini na uchafu laini ulioshika mawe. Hapatikani pengine duniani ila katika Ziwa Victoria na mito inayoingia ziwa hilo. Muda mwingi wa mwaka hukaa ziwani au katika sehemu za chini za mito. Mvua kubwa zikinyesha na mto ukifurika kwa maji ya rangi ya udongo, ningu hukusanyika mdomoni mwa mto na kuanza kupanda. Nzoia, Yala, Nyando, Kagera, yote ilikuwa njia zake.

Anakwenda wapi? Anatafuta majani yaliyofunikwa na maji kando ya mto, mahali penye maji haba na pasipo mkondo mkali. Hapo jike hutaga mayai, maelfu kwa maelfu, na dume huyarutubisha. Mayai huanguliwa upesi, na maji yakianza kupungua, vifaranga hurudi nayo mtoni. Bonde lililofurika ndilo kitalu chake, kama vile wewe unavyoandaa kitalu cha sukuma wiki kabla ya kupeleka miche shambani. Basi ningu mmoja jike aliyeachwa apite siku moja anaweza kuacha watoto wengi kuliko samaki wote utakaowavua mwaka mzima.

KILICHOMPATA

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa samaki, Bwana P. J. P. Whitehead, alichunguza uvuvi wa mito ya Nyanza na samaki wanaopanda kutoka ziwani. Habari zake zilichapishwa mwaka wa 1959, na wakati huo uvuvi wa mtoni ulikuwa kazi kubwa ya watu. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1965, mtaalamu mwingine, Bwana D. A. Cadwalladr, aliandika juu ya mto Nzoia wenyewe. Alikuwa na habari ya huzuni: ningu wamepungua sana, na hata ufundi wa zamani wa kuvua mtoni unaharibika, kwa sababu samaki wa kuvuliwa hawaji.

Sababu aliyoitaja ni nyavu. Wavuvi walitandaza nyavu mdomoni mwa mto, mahali ambapo ningu hukusanyika kabla ya kupanda, wakawavua majike waliojaa mayai. Zamani watu walizuia mto kwa wigo wa fito na mitego iliyosukwa kwa mkono. Wigo ule ulikuwa na mianya, na mafuriko makubwa yaliung'oa, hata samaki wengi wakapita. Wavu wa nailoni hauna huruma ya namna hiyo. Hauchoki, hauozi upesi, na usiku kucha unafanya kazi huku mwenyewe amelala.

Wako wanaosema kwamba aliyemmaliza ningu ni mbuta. Ni kweli mbuta ni mlafi, na tangu alipotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 amekula samaki wengi wa kienyeji. Lakini hesabu miaka. Mbuta hakuenea kwa wingi upande wa Kenya mpaka karibu na mwaka wa 1980. Bwana Cadwalladr aliandika juu ya upungufu wa ningu miaka 15 kabla ya hapo. Mbuta alikuta nyumba imekwisha kubomolewa. Tusimtwike samaki hatia ya mtu.

Hivi leo ningu yumo katika orodha ya samaki walio hatarini kutoweka kabisa. Bado wanaonekana wachache masika yakifika. Nao wachache hao ndio wanaowindwa kwa bidii zaidi, maana jike mwenye mayai hupata bei nzuri.

NJAA YA MWEZI WA TANO

Najua utakalosema, nami sitaki kulipita kama silisikii. Utasema: samaki hawa huja katika mwezi wa nne na wa tano, wakati mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani na mapya bado hayajatoa hata mbelewele. Watoto wamechoka na ugali kwa mboga za majani. Maziwa yote yanauzwa ili kulipa karo. Mto umeleta nyama mpaka mlangoni, bure, na mwandishi wa gazeti aliyeshiba anatuambia tuiache ipite!

Neno hilo lina nguvu. Mtu akimkataza mwenye njaa kula, sharti ampe jibu lililo bora kuliko hotuba. Jibu langu ni hili: wewe mwenyewe umekwisha kulikubali jambo ninalolisema, ila hukulitazama kwa upande wa samaki. Mwezi wa pili, njaa ilipokuwa inapiga hodi, ulikuwa na mfuko wa mbegu ndani ya nyumba. Hukuusaga. Mke wako hakuusaga. Hata mtoto mdogo alijua kwamba mfuko ule hauguswi. Kama kuna mtu katika skimu yenu aliyewahi kula mbegu yake, watu wanamkumbuka mpaka leo, wala si kwa sifa.

Ningu anayepanda ni mfuko wa mbegu. Tofauti ni kwamba hauna mwenyewe, na kila mmoja anadhani akiuacha yeye, jirani ataula. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Njaa yenyewe si ugonjwa huo. Ugonjwa ni kutoaminiana.

WENGINE WALIVYOFUNZWA

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Katika pwani ya magharibi ya Marekani na Canada wako samaki waitwao samoni. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini na kukua huko miaka kadhaa, kisha hurudi mtoni walikozaliwa ili kutaga. Baridi kali ikiisha, samoni hutembea karibu na pwani, na wavuvi huwafuata kwa mashua za injini. Mashua huenda polepole, kama mwendo wa mtu anayetembea, ikikokota nyuma yake mishipi mirefu yenye ndoana na vibati vinavyometameta kama samaki wadogo. Samoni hudhani ni chakula, akauma. Wavuvi wetu wa Malindi na Shimoni huwavua nguru kwa njia kama hiyo.

Watu wa kule wana mashua kubwa, vyombo vya kuonyesha samaki walio chini ya maji, na fedha za kutosha. Hata hivyo kila mwaka husubiri kwanza hesabu: ni samoni wangapi waliorudi mitoni kutaga? Hesabu ikiwa mbaya, uvuvi hufungwa. Katika jimbo la California uvuvi wa samoni baharini ulifungwa mwaka wa 2008 na 2009, na tena mwaka wa 2023 na 2024. Mashua zilikaa bandarini na deni la mashua likiendelea kudai, kama vile deni la pembejeo linavyokudai wewe mwaka wa ukame. Wavuvi walilalamika, lakini walijua kwamba samoni akiisha, deni litabaki na mashua haitakuwa na kazi.

Tena watu wale walijifunza kwamba nyavu siyo adui pekee. Katika mto Fraser, huko Canada, mahali paitwapo Hell's Gate, wajenzi wa reli walipasua mlima mwaka wa 1913 mawe yakaanguka mtoni, na mwaka wa 1914 jabali kubwa likaporomoka. Njia ikawa nyembamba, maji yakawa makali, na samoni wengi wakafa chini yake bila kutaga. Ilipita yapata miaka 30 kabla ya kujengwa njia maalum za kuwapitisha samaki pale. Kosa la siku chache lililipwa na wajukuu.

Lakini yako na mazuri. Katika mto Klamath, ulioko Oregon na California, mabwawa manne ya umeme yalibomolewa, na kazi ikamalizika mwaka wa 2024. Kabla mwaka huo haujaisha, samoni walionekana juu ya mahali palipozibwa zaidi ya miaka 100. Samaki hakuhitaji kuitwa. Njia ilipofunguliwa, alipita.

SISI TUFANYE NINI

Hapa sisi tuna bahati ambayo watu wa samoni hawana. Samoni wengi wa pwani ile wakiisha kutaga hufa. Ningu hafi. Akiisha kutaga hurudi ziwani kwa mto ule ule aliopandia. Kwa hiyo mto hukupa nafasi mbili za kumwona samaki mmoja. Ukimvua mara ya kwanza, umekula mzazi pamoja na watoto wote. Ukimvua mara ya pili, watoto wamekwisha kubaki mtoni. Nakubali kwamba ningu anayeshuka amekonda na hana mayai, wala bei yake si ile. Lakini ni nyama, ni halali yako, na mwakani atakuja mwingine. Basi kanuni ninayoipendekeza ni fupi, hata mtoto anaweza kuikumbuka: akipanda mpishe, akishuka mvue.

Kwa vitendo mambo ni haya:

1. Mto ukianza kufurika, usitandaze wavu wala wigo kutoka ukingo hadi ukingo. Acha katikati wazi. Maji yakianza kupungua, ndipo utege mtego wako, mdomo wake ukielekea juu ya mto, umpate anayeshuka.

2. Chandarua cha mbu ni cha kitandani. Ukikivuta majini kinakamata vifaranga wasiotosha hata kijiko. Nayo dawa ya kuulevya mto, iwe ya miti au ya duka, humuua samaki, na chura, na mwisho humdhuru mtoto wa jirani anayechota maji chini yako.

3. Usioshe bomba la kunyunyizia dawa mtoni, wala usiyaache maji ya josho yatiririke huko. Dawa nyingi za kupe na za wadudu, hasa za jamii ya pairethroidi, huua samaki hata zikiwa kidogo mno. Oshea bomba shambani, mbali na maji, na maji ya kuoshea uyamwage juu ya shamba ulilolinyunyizia.

4. Usilime mpaka ukingoni. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka wa 1965 zilikataza kulima kando ya mto kwa kiasi cha upana wa mto wenyewe, hadi mita 30. Nazo kanuni za maji za mwaka wa 2007 zilitaja mita 6 kwa uchache. Panda nepia na miti ya kienyeji mahali hapo, wala usipande mikalitusi, kwa maana hunywa maji mno.

MTU WA JUU ATAPATA NINI

Mkulima wa Lugari ataniuliza: hayo mawili ya kwanza ni ya watu wa chini. Haya mawili ya mwisho ni mzigo wangu mimi, na ningu sitamla. Nitapata faida gani?

Swali ni la haki. Nenda usimame darajani Kipkarren mvua ikiisha kunyesha, utazame rangi ya maji. Wekundu ule si mali ya mto. Ni udongo wako wa juu, ule uliotiwa mbolea ya kununuliwa kwa fedha, unakwenda Budalang'i bila nauli. Huko hutua kitandani mwa mto, mto ukapanda juu, na mafuriko yakaingia nyumba za watu. Njiani hufunika mayai ya samaki kwa matope. Ukanda wa nepia kando ya mto utaushika udongo huo, nawe utakata majani ya kumlisha ng'ombe wako mwezi wa kwanza na wa pili, wakati malisho yamekauka na maziwa yamepungua. Ningu atapona, lakini wa kwanza kufaidika ni ndama wako.

Na kuhusu njaa ya mwezi wa tano, liko jibu la bwawa. Tangu mwaka wa 2009 Serikali iliwasaidia wakulima wa sehemu nyingi za nchi, hata za kwetu, kuchimba mabwawa ya samaki ya mita 300 za mraba, na kila bwawa likatiwa vifaranga 1,000. Wengine waliyatunza wakafaulu. Wengine walingoja Serikali iwaletee chakula cha samaki pia, na mabwawa yao yamekuwa makao ya vyura. Ikiwa unalo bwawa la namna hiyo, lisafishe. Ukitia vifaranga vya ngege au kambare katika mwezi wa nane au wa tisa, ukawalisha vizuri, masika yakifika utakuwa na kitoweo chako mwenyewe katika miezi ile ile ya shida. Huko Uganda wataalamu walifaulu kumzalisha ningu mwenyewe katika vituo vya samaki katika miaka ya 2000. Huenda siku moja naye atauzwa kama kifaranga. Lakini bwawa haliwezi kuwa badala ya mto. Ni la kukusaidia wewe ungoje, mto upate kupumua.

TUKUBALIANE

Nimesema ugonjwa wetu ni kutoaminiana. Dawa yake haiwezi kunywewa na mtu mmoja. Ukiacha wewe peke yako, na jirani akatega usiku, utajiona mjinga, na mwakani utatega nawe. Kwa hiyo jambo hili lipelekwe barazani, mbele ya chifu na wazee, na katika vyama vya watumiaji maji. Kwa miaka mingi huko ziwani uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa kuanzia mwezi wa nne mpaka wa saba, ili omena wazaane. Ikiwa mvuvi asiye na shamba anaweza kuambiwa angoje miezi minne, sisi wenye mashamba tutashindwaje kungoja siku chache za mafuriko?

Ninyi watu wa skimu mnajua kukubaliana. Mlipofika katika mashamba yale, ninyi au baba zenu, mlitoka mahali mbalimbali na hamkujuana. Mlipatana juu ya siku ya josho, juu ya njia ya ng'ombe, juu ya zamu ya kupeleka maziwa. Hakuna aliyefikiri kwamba josho litafanya kazi ikiwa nusu ya watu hawaleti ng'ombe wao. Mto ni kama josho hilo. Asiyeshiriki anawaharibia wote.

Masika mengine yatakuja. Maji yatageuka rangi, na usiku utasikia mto ukivuma. Ukisikia hivyo, kumbuka kwamba yuko mzazi anayepanda gizani akitafuta majani ya kutagia. Mwache afike. Atashuka, naye akishuka hatakuwa peke yake. Akiba haiozi.